Babu Katika Daftari la Vita: Uhakiki wa Kumbukumbu Zilizokatika

Utangulizi

Katikati ya jiji la Dar es Salaam imesimama sanamu ya shaba ya askari Mwafrika mwenye bunduki na singe. Ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika, askari na wapagazi, waliotumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, na ya Kiswahili kwa hati mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu. Maneno hayo, ambayo kwa Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, yanatoa ahadi: mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni njema. Lakini mwenye kuizunguka sanamu ile pande zote nne hatakuta jina la askari hata mmoja.

Kwa kuwa aliyetoa ahadi hakuweka jina, kazi hiyo imeachiwa wana, na sasa wajukuu na vitukuu. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jinsi mjukuu anavyoweza kuufuatia utumishi wa babu yake jeshini pale ambapo kumbukumbu zimekatika. Hatukusudii kuandika historia ya vita, kwani wanahistoria wamekwisha kuiandika. Sisi tutazihakiki kumbukumbu zenyewe, yaani daftari la serikali, utenzi, na masimulizi ya nyumbani, kama vile mhakiki anavyolihakiki shairi: nani kalitunga, kamtungia nani, na kwa kanuni zipi. Hoja yetu ni kwamba pengo katika kumbukumbu si ajali tu; mara nyingi pengo lina mwandishi wake. Mjukuu asipomtambua mwandishi huyo atalijaza pengo kwa sifa, na sifa si historia.

Askari yupi, wa jeshi lipi?

Wazee wengi husema, "Babu yenu alikuwa askari," wakaishia hapo. Neno hilo ni pana mno. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliunda jeshi la kuwapiga wenyeji wa pwani waliokuwa wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Wengi wa askari wake wa kwanza walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na wengine walitoka Msumbiji. Mwaka 1891 jeshi hilo likawa jeshi rasmi la koloni, nalo likazidi kuandikisha watu wa bara, wakiwamo Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Ndilo lililopigana na watu wa kusini katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907. Ndilo pia lililopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck tangu Agosti 1914 mpaka aliposalimu amri huko Abercorn, katika nchi ambayo leo ni Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Upande wa Waingereza kulikuwa na King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo watu wetu walilizoea kwa jina la Keya. Mwaka 1917 kikosi cha sita cha Keya kiliundwa upya, na wengi wa askari wake walikuwa watu waliokwisha kuwatumikia Wajerumani na kutekwa. Kwa hiyo babu mmoja aweza kuwamo katika madaftari ya maadui wawili, au asiwemo katika lolote. Ikaja Vita Kuu ya Pili, na askari wa Afrika ya Mashariki wakapelekwa Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942, na Burma mwaka 1944.

Zaidi ya hao walikuwapo rugaruga waliosaidia jeshi bila ya kuwa askari kamili, polisi wa boma, matarishi, na wapagazi waliobeba risasi na unga. Mzee anayewaita wote hawa askari hasemi uongo. Anatumia neno la heshima alilolikuta. Bali mjukuu ajue kwamba kila kundi katika haya liliandikwa katika daftari tofauti, na lile lililokuwa na watu wengi kupita yote, la wapagazi, ndilo lililoandikwa kwa uzembe kupita yote.

Daftari la serikali

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliotumika katika ofisi za serikali kwa miaka mingi twaweza kuongeza kwamba hata daftari lenyewe hupoteza. Daftari lina safu zake, na karani hujaza safu alizopewa. Ikiwa pana safu ya kabila na hapana safu ya mama, basi kabila litaandikwa hata kama mwenyewe hana hakika nalo, na mama atasahauliwa hata kama ndiye aliyemlea. Kijana aliyetoka mbali akaandikishwa pamoja na Wanyamwezi aliweza kuandikwa Mnyamwezi. Aliyetoka utumwani alikuwa na jina alilopewa na bwana wake, na pengine akaona kuingia jeshini ni nafasi ya kujipa jina jingine. Karani wa Kizungu aliandika kwa sikio lake, na sikio lake lilikuwa la Kijerumani au la Kiingereza. Mjukuu anayetafuta jina moja kwa tahajia moja atarudi mikono mitupu, hata kama babu yupo mbele yake katika ukurasa.

Tena madaftari yenyewe yalipatwa na vita. Hifadhi kuu ya kumbukumbu za kijeshi za Prussia, iliyokuwa Potsdam, iliteketea kwa mabomu ya ndege mwezi Aprili 1945, na kumbukumbu nyingi za jeshi la Ujerumani zikateketea pamoja nayo. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam ni hazina kubwa, lakini ni majalada ya utawala: kodi, mashamba, barabara, kesi, shule. Askari humo huonekana anapogusana na serikali ya kiraia, anapodai, anaposhitakiwa, au anapopewa kazi baada ya utumishi wake.

Pengo la wapagazi halikuletwa na moto. Lililetwa na uamuzi. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 walihesabiwa kwa malaki, na waliokufa kwa njaa, kuhara damu, homa na uchovu walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi, kwa kuwa ofisi haikuweza, au haikujishughulisha vya kutosha, kumlinganisha marehemu na nyumba yake. Katika miaka ya 1920 wakuu waliohusika na makaburi ya vita walijadili makaburi ya wapagazi, yakiwamo ya Dar es Salaam, na maoni yaliyotawala yalikuwa kwamba yaachwe yarudi porini. Badala ya majina zikajengwa sanamu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba pengo lina mwandishi. Asiyekuwapo na lake halipo; na hawa walikuwapo, ila walifanywa wasiwepo.

Ajabu ni kwamba kumbukumbu kubwa kuliko zote za wapagazi hao ilitungwa na wananchi wenyewe bila ya amri ya mtu. Mahali palipokuwa kambi yao Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo, kwa kulitamka Kiswahili jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, na Nairobi nako wanayo Kariokor yao. Jina hilo halimtaji mtu mmoja, lakini limewazuia wote wasifutike.

Mfano wa Bayume Mohamed Husen

Ili mwanafunzi aone jinsi jina la mtu wetu linavyoweza kusalimika katika majalada, tuchukue habari za Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa efendi wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe aliingia vitani angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara yake na ya baba yake iliyokuwa haijalipwa tangu vita. Akajibiwa kwamba muda wa kudai umepita. Baadaye aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaigiza katika filamu, na mwaka 1941 akakamatwa na serikali ya Hitler. Alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu kizima juu ya maisha yake.

Tuulize: kitabu hicho kiliwezekanaje, hali maelfu ya wenzake hawana hata mstari mmoja? Hakikuwezekana kwa sababu jeshi lilimtunza. Kiliwezekana kwa sababu aliandika barua za kudai, akakataliwa kwa barua, na mwisho akafunguliwa jalada na polisi. Mtu huyu aliingia daftarini kwa kusumbua. Funzo kwa mtafiti ni kubwa. Orodha za sifa ziliandikwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa wenzao. Mwafrika wa kawaida tutamkuta zaidi katika majalada ya madai, ya kesi, ya pensheni iliyokataliwa, na katika vitabu vya ubatizo na ndoa. Mjukuu asione haya kumtafuta babu mahali ambapo babu aligombana na serikali, maana huenda ndipo alipotajwa kwa jina lake kamili na la baba yake.

Tuonye pia. Jina tunalomjua nalo leo silo alilozaliwa nalo. Lau mtu angelitafuta Mahjub bin Adam katika majalada ya Berlin bila ya kujua hayo, angelisema huyu hayumo.

Utenzi kama ushahidi

Baada ya daftari, wengi hukimbilia utenzi, nao huuamini kupita kiasi kwa sababu ni wetu. Tunazo tenzi tatu mashuhuri zinazohusu vita hivi. Hemed bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya vita vya pwani vya 1888 na 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1933. Na Shaaban Robert alituachia Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vya 1939 hadi 1945, uliochapishwa mwaka 1967, baada ya kufa kwake.

Tenzi hizi ni fahari ya lugha yetu, na mwalimu asiyezisomesha anawanyima wanafunzi wake urithi. Lakini sisi tunaotunga twajua siri ya jikoni. Mstari wa utenzi una mizani minane, na mistari mitatu ya kwanza sharti ifanane kina. Jina lenye silabi nyingi halikai. Litapunguzwa, au mwenye jina ataachwa nje, aingie mwenye jina linaloafiki. Hesabu nayo hufuata kina. Mtunzi akihitaji kina cha "ia," askari watakuwa "mia," hata kama walikuwa sabini. Hatusemi kwamba washairi hawa walidanganya. Tunasema kwamba utenzi una safu zake kama daftari, na mtunzi hujaza safu kama karani.

Isitoshe, utenzi wa vita kwa desturi huwataja wakuu. Sultani, liwali, jemadari na shujaa wana beti zao. Askari wa mstari huitwa jeshi. Tena kila mtunzi ana mahali aliposimama. Hemed ametazama vita kwa jicho la watu wa Mrima waliovamiwa, na kwa jicho hilo askari wa Wissmann ni watu wa adui. Shaaban Robert hakuwa vitani. Utenzi wake watuonyesha jinsi vita vilivyoeleweka na kupewa maana nchini mwetu, lakini si orodha ya waliopigana. Kwa hiyo mjukuu asiutafute utenzi ili akute jina. Autafute ili ajue hofu, tamaa na lawama za wakati ule, yaani yale ambayo daftari halina safu yake. Kila ushahidi uulizwe kile unachoweza kukijibu.

Masimulizi ya nyumbani

Ushahidi wa tatu ni wa nyumbani, nao una kanuni zake vilevile. Tuanze na vyeo. Nyumba inayosema babu alikuwa "ombasha" au "shaushi" imehifadhi neno lenye asili ya Kituruki lililoletwa na askari wa Kisudani kutoka Misri, nalo latuelekeza kwenye jeshi la Wajerumani au vikosi vya zamani vilivyokuwa na Wasudani. Nyumba inayosema "koplo" au "sajini" yatuelekeza kwa Keya. Neno moja lililoshikwa na bibi bila ya kujua maana yake laweza kuwa na thamani kuliko hadithi nzima.

Lakini cheo chaweza kudanganya. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, mwanahistoria Terence Ranger alieleza jinsi ngoma hiyo ilivyoenea bara kwa miguu ya askari na wapagazi, na jinsi vyama vyake, Marini na Arinoti, vilivyokuwa na vyeo kama vya jeshi na serikali ya Kizungu. Basi babu aliyeitwa "Kapteni" mpaka kufa kwake huenda alipata cheo hicho uwanjani pa ngoma. Jeshi la kikoloni halikuwapa Waafrika wa zama zile cheo hicho, bali beni iliwapa. Mjukuu asihuzunike. Babu aliyechukua cheo alichonyimwa akakivaa katika ngoma yake mwenyewe ni habari kubwa ya utamaduni, nayo haistahili kubadilishwa kuwa habari ndogo ya vita.

Kiko pia kisa alichokisimulia Charles Miller katika kitabu chake Battle for the Bundu cha mwaka 1974. Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua mwaka 1964 kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai, na wazee wapatao 350 wakafika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akampa amri za gwaride kwa Kijerumani, na asiwepo hata mmoja aliyeshindwa. Kisa hiki kimerudiwa mno, aghalabu ili watu wacheke. Tukikihakiki, chatufundisha kwamba mwili nao ni daftari. Lakini tuone pia kisichosemwa. Ufagio uliweza kuthibitisha kwamba mzee alifundishwa gwaride. Haukuweza kusema alipigana wapi, alifanya nini, wala alikuwa mwana wa nani. Na jambo la kustaajabisha kuliko ustadi wa wazee ni kwamba, baada ya zaidi ya miaka arobaini, walipaswa kujithibitisha kwa ufagio mbele ya serikali iliyokuwa ndiyo mwandishi wa vyeti.

Mwanafunzi asisahau kuwauliza wanawake. Askari wa jeshi la Wajerumani walisafiri na wake na watoto wao, na kambi ilikuwa kijiji kinachotembea. Bibi alikuwapo. Anaweza kukumbuka mto uliovukwa, msimu wa njaa, na mtoto aliyezaliwa njiani akapewa jina la taabu ile. Jina la mtoto na msimu wa kuzaliwa kwake vyaweza kutupa mwaka ambao daftari halikutupa.

Babu aliyepigana upande wa pili

Sasa tufike penye uzito. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wa Kingoni walinyongwa Songea kwa kupigana na Wajerumani, na taifa letu huwakumbuka kila mwaka. Watu wa kusini waliokufa kwa vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata Gilbert Gwassa aliwakadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Wengi walikufa kwa sababu vyakula na mashamba yalichomwa kwa makusudi. Maafisa walioamuru walikuwa Wajerumani, nao walikuwa wachache. Mikono iliyoshika viberiti ilikuwa, kwa wingi wake, mikono ya Waafrika.

Katika darasa moja leo aweza kukaa kitukuu cha aliyechomewa ghala na kitukuu cha aliyechoma. Wa kwanza ana hadithi ya kusimulia. Wa pili mara nyingi ameambiwa tu kwamba babu alikuwa askari hodari, na mwaka haukutajwa. Hapa pengo halikuandikwa na karani wala na moto wa Potsdam. Liliandikwa na sisi wenyewe, kwa haya. Tunaifahamu haya hiyo, lakini hatuwezi kuikubali iwe mwalimu wa historia. Wako waliojiunga kwa mshahara, wako waliokimbia utumwa, wako waliotekwa wakageuzwa askari, na wako waliopenda nguvu ya bunduki. Kumficha babu ni kumwua mara ya pili. Na kumpamba ni kuwaua tena wale aliowaua. Utamaduni wa taifa hauwezi kusimama juu ya mababu mashujaa watupu, maana hesabu haitatimia: lazima awepo aliyepigana na hao mashujaa.

Hitimisho

Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee, na kazi yao hutumiwa na wanahistoria hadi leo. Wazee wale wamekwisha kufa. Waliobaki ni wana na wajukuu wao, na masimulizi ya mkono wa pili huchakaa upesi kuliko ya kwanza. Hati za kijeshi za zama za ukoloni zilizohifadhiwa nchini Kenya nazo zimeanza katika miaka hii ya karibuni kutoa majina ya askari ambao hawakuwa wamekumbukwa popote, kwa hiyo si kweli kwamba kazi imechelewa.

Twawashauri walimu wa sekondari wampe kila mwanafunzi daftari lenye safu nne. Katika ya kwanza aandike lililosemwa, kwa maneno yale yale ya msemaji, pamoja na vyeo na majina kama yalivyotamkwa. Katika ya pili, nani kasema na alijuaje. Katika ya tatu, ushahidi mwingine unaoliafiki jambo hilo au kulipinga, uwe wa jalada, wa utenzi au wa jirani. Safu ya nne iwe ya lisilojulikana, nayo isiachwe tupu wala isijazwe kwa kubahatisha. Iandikwe wazi "halijajulikana," na tarehe ya siku lilipoulizwa, ili atakayekuja baadaye ajue pa kuanzia.